Naombeni ushauri: revolva ya kubeba ndani ya nguo, nyepesi imeniumiza mkono

MamaPacha:
Wakuu habari za wakati huu. Naombeni ushauri maana nimezunguka na hili jambo miezi 2 sasa na kila ninayemuuliza ana lake. Kibali ninacho, mafunzo nimemaliza, nimebakiza kuchagua bastola yenyewe. Nataka revolva, sio ya magazini, sababu viungo vya vidole vyangu vinauma na kuvuta ile slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, kwangu ni vita, nikivuta mara tatu ya nne mkono unagoma. Revolva unafungua silinda, unaweka risasi, unafunga, basi. Nafunga kazi usiku na natembea peke yangu mpaka kwenye gari, kwahiyo nitaibeba kila siku, sio ya kukaa kabatini.

Sasa juzi nkapewa kujaribu moja ya hizi nyepesi kabisa, gramu 300 na kitu, aisee kuishika unasema ndo yenyewe, mfukoni huisikii. Risasi ya kwanza tu nikahisi kama nimepigwa rungu hapa katikati ya gumba na kidole cha shahada. Ya tano sikuipiga, nilifungua silinda nikaimwaga nikaiweka mezani. Mkono ulivimba siku mbili. Sasa ninunue nzito inichoshe kiunoni au nyepesi iniumize mkono? Na hizi saizi za risasi, .38 na .357, mnifafanulie, kuna mtu kaniambia bila .357 sijabeba kitu.

Mtutu Mfupi:
Pole sana dada. Ulichokutana nacho ndo kinawakuta wengi, mtu ananunua kwa kuishika dukani halafu akishapiga risasi 5 haipigi tena mwaka mzima. Risasi ni ileile, bastola ikipungua uzito teke lote linakuja kwako, hakuna njia ya kulikwepa.

Kwenye .38 na .357 iko hivi. Miaka ya 1930 walichukua ganda la .38 Special wakalirefusha kama milimita 3 wakaongeza nguvu, ndo ikawa .357 Magnum, na walilirefusha makusudi ili lisiingie kwenye bastola za zamani za .38 zikapasuka. Kwahiyo bastola ya .357 inapiga .38 Special bila shida ila ya .38 usiiwekee .357 kabisa. Na kwenye mtutu mfupi wa kama sentimita 5 baruti nyingi ya .357 inawakia nje, unapata moto mkubwa, mlio wa kuziba masikio na teke, faida yake ni ndogo kuliko unavyoambiwa. Ushauri wangu chukua ya chuma ya .357, kama Smith & Wesson 640 au Ruger SP101, halafu ilishe .38. Hizo ni gramu 600 na kitu mpaka 700 na kitu, ukipigia .38 zinatulia mkononi. Tafuta na zile risasi za shabaha zenye kichwa bapa, za grain 148 (grain ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ni laini sana kwa mkono mbovu.

kijana_wa_renji:
Naona mnamtisha dada wa watu. Mimi nina Smith 642, ile nyepesi ya .38, haifiki hata gramu 420, mwaka wa pili huu na sijawahi kuiacha nyumbani. Rafiki yangu alinunua ya chuma sasa iko kwenye droo, kila siku anasema leo suruali hii haifai, kesho joto. Bastola iliyoachwa nyumbani haimsaidii mtu njiani.

Kidole Nje:
Wote mnaongelea teke, hakuna aliyemuuliza kuhusu triga, na yeye kasema vidole vinauma. Dada hizi revolva ndogo zenye nyundo (ile inayogonga risasi) iliyofichwa ndani zina mvuto mrefu na mzito, kilo 5 na zaidi, na huwezi kuivutia nyundo kwanza ili triga iwe nyepesi, kila risasi ni mvuto kamili. Nyundo kufichwa ni kuzuri kwa kubeba maana hainasi kwenye nguo ukiitoa, ila kidole kinailipia. Kabla hujalipa omba ruhusa uifungue, angalia chemba zote (yale matundu ya risasi) ni tupu, angalia tena, ielekeze sehemu salama halafu vuta triga mara 20 mfululizo taratibu kwa kidole kimoja. Kama ya 12 mdomo wa mtutu unaanza kutetemeka hiyo sio yako hata ingekuwa nzuri vipi. Linganisha na Ruger LCR, mvuto wake wengi wanauona laini kwa jinsi walivyotengeneza ndani, ipo ya .38 ambayo haifiki gramu 400 na ya .357 ambayo ni nzito kidogo. Na nitasema hata kama ulikataa magazini, kuna zilizotengenezwa slaidi nyepesi kwa ajili ya watu wa mikono dhaifu, kama Shield EZ ya Smith & Wesson. Ijaribu tu kwanza.

Mzee wa Silinda:
Mwanangu msikilize Kidole Nje. Mimi nimeanza na Colt Detective Special, ile ya tangu 1927, inabeba 6 wakati nyingi za umbo lile zinabeba 5, na naipenda mpaka leo, ila nakuonya usikimbilie ya zamani kwa sababu ya urembo. Revolva nyingine za zamani ukiidondosha nyundo ikapigwa inaweza kufyatuka, ndo maana tulikuwa tunaacha chemba moja tupu chini ya nyundo. Za sasa zina kizuizi ndani.

Hizo nyepesi kupita kiasi zina jambo jingine pia. Teke likiwa kali kichwa cha risasi ambayo bado haijapigwa kinaweza kuchomoka kidogo kutoka kwenye ganda, kikatokeza mbele ya silinda, na silinda ikagoma kuzunguka. Iliwahi kunitokea, risasi ya nne, nikabaki nimeshika chuma kisichofanya kazi. Na ukimwaga maganda elekeza mtutu juu, piga kile kijiti cha mbele ya silinda kinachosukuma maganda kwa nguvu mara moja, usikibembeleze, maana kwenye mtutu mfupi kijiti nacho kifupi na ganda moja likibaki chini ya ile nyota, kile kibati nyuma ya silinda kinachoinua maganda, unahangaika. Safisha chini ya nyota pia, chembe ya baruti tu inafanya triga iwe ngumu.

Mtutu Mfupi:
Holsta, yaani ala ya bastola, umeshawaza? Iwe inafunika triga yote, na kama ni mfukoni basi mfuko huo usiwe na kitu kingine, funguo wala sarafu. Mkoba wa mkononi mimi siukubali, ukiporwa mkoba umempa mwizi silaha. Na una watoto, ikitoka mwilini iingie kwenye sanduku lenye kufuli, hapohapo, sio nitaiweka baadae.

MamaPacha:
Asanteni sana wakuu, nimerudi na majibu. Nimepewa tatu nijaribu. Ile hesabu ya mara 20 imenisaidia kuliko yote, SP101 nilikwama ya 14, nyingine ya chuma ya 17, LCR ya .357 nikafika 20 kidole kimechoka lakini mtutu haujayumba.

Halafu mkufunzi akanifanyia kitu sijawahi kuona. Alichukua silinda akageuza mgongo, akaweka risasi tatu na maganda matupu mawili akizichanganya, akanipa nipige bila kujua ipi ni ipi. Nilipofika kwenye ganda tupu ikalia *tk* tu na nikaona mtutu wangu mwenyewe unachovya chini kama unaokota kitu, hakuna teke wala mlio, ni mimi mwenyewe naogopa. Kumbe ile nyepesi ilinifundisha uoga. Tukarudia na zile za kichwa bapa mpaka ganda tupu likija mtutu unakaa pale pale, ilichukua kama risasi 40 na mkono haukuvimba.

Nimechagua LCR ya .357 na nitapigia .38 tu. Sio nyepesi kabisa na sio nzito, kiunoni nimetembea nayo tupu ndani ya nyumba siku tatu naosha vyombo nainama nafunga viatu na haijanichoma. Kilichobaki ni mpini, naona kidole changu kidogo kinaning'inia chini hakina pa kushika, kuna aliyebadilisha akaweka mrefu zaidi? Unaonekana kwenye blauzi?

Kidole Nje:
Hongera dada. Mpini mrefu unashikika vizuri ila ndo sehemu inayotokeza kwenye nguo kuliko zote, hata kuliko silinda. Kaa na huu mfupi kwanza, kidole kidogo kikunje chini ya mpini kisukume juu, piga hivyo wiki mbili ndo uamue.

MamaPacha:
Sawa kaka, Jumamosi naenda kujaribu hivyo.