Naomba ushauri: nisubiri ajira ya ualimu au niingie utafiti wa betri?

Wakuu, habari zenu. Nina digrii ya fizikia, najitolea kufundisha sekondari hapa Morogoro. Moyo uko kwenye betri za sodiamu. Grafaiti (madini ya kaboni), kama ile ya Mahenge, inafaa betri za lithiamu lakini sodiamu haiingii humo vizuri. Inatakiwa kaboni ngumu, ambayo hata vifuu vya nazi vinaitoa. Vifuu tunavitupa!

Mzee anataka nisubiri ajira. Mimi nawaza masta pale chuo cha Nelson Mandela, Arusha. Wenzangu wananicheka eti hiyo ni kazi ya wanakemia, ila John Goodenough, mmoja wa waliobuni betri za lithiamu, alisomea fizikia akapata Nobeli ya kemia 2019.

Waliopita njia hii: mlipata wapi ufadhili? Na baada ya masta, mkono unaenda kinywani?