Unga wa lishe wa pakiti, Weetabix au kusagisha mwenyewe? Nisaidieni kabla sijanunua

Mama Tunu:
Habari za jioni wadau. Jumamosi naenda Kariakoo kufunga mahitaji ya mwezi na nimekwama kwenye uji. Kuna unga wa lishe wa pakiti, mbele wameandika "nafaka 12, bora kwa familia". Kuna Weetabix. Au ninunue mahindi na ulezi, nipeleke mashineni. Bei zinapishana sana na kila pakiti inajisifu. Ninunue kipi?

Ulezi Mtupu:
Ulezi, dada, wala usisumbuke na maboksi. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, mahindi hayafiki hata 20. Bibi zetu walilea watoto kwa ulezi na maziwa, mifupa ikawa migumu.

Nesi wa Zamu:
Mama Tunu, uji ni wa nani? Mtoto wa miezi saba, mwanafunzi na mzee wa miaka 70 hawanunuliwi pakiti moja. Bila umri na hali ya afya tutakuwa tunabahatisha.

Baba Shani:
Na hiyo lishe, tuandikie viambato kama vilivyo nyuma ya pakiti, usiruke kimoja na usibadili mpangilio. Vinaandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Cha kwanza ndicho kilichojaa humo, cha mwisho huenda ni kijiko kimoja kwenye gunia. Mbele ya pakiti ni tangazo tu.

Mama Tunu:
Asante. Nimepiga picha dukani, inasomeka hivi: mahindi meupe, mchele, sukari, soya, ngano, karanga, mtama, uwele, ulezi, mbegu za maboga, ufuta, maziwa ya unga, ladha ya vanila. Uji ni wa nyumbani tu, wote tunakunywa.

Baba Shani:
Umeona? Sukari ni ya tatu, imeitangulia hata soya. Ulezi ambao wameuchora mbele ni wa tisa. Hapo unanunua mahindi na mchele vilivyotiwa sukari kwa bei ya lishe. Kuna jedwali la virutubishi? Soma safu ya gramu 100, achana na ile ya "kwa mlo mmoja", maana kila kiwanda kinajipimia mlo wake. Sukari ukiigawa kwa nne unapata vijiko vya chai kwa makadirio. Kama wameandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa mbili na nusu.

Mama Tunu:
Jedwali halipo. Kuna tarehe na namba ya simu.

Kisauni:
Basi iwache hapohapo dukani. Mimi niko Mombasa, nitakueleza yaliyotupata sisi.

Mwaka jana dadangu alijifungua, kunyonyesha peke yake kukaisha, tukatafuta unga wa uji wa kumwanzishia mtoto. Kuna duka karibu nasi huuza unga wa mchanganyiko, umepakiwa vizuri, una picha ya mtoto mnene. Ndani mna karanga, soya, wimbi (ulezi wenu), mahindi, hata omena (dagaa). Siku za kwanza mtoto akala. Baadaye akawa akiona kijiko anageuza uso. Mamangu akasema mtoto ana deko. Tukaongeza sukari, akala kidogo, akaanza kuharisha, usiku kucha hatulali. Kwenye kliniki daktari akaomba aletewe ule unga wenyewe. Alipoufungua tu akaunusa, akampa mamangu naye anuse. Mafuta ya karanga yalikuwa yameshachacha. Akakwangua kile kibandiko cha tarehe, chini yake kikatoka kingine chenye tarehe iliyopita. Akauliza soya ilikaangwa au ilisagwa mbichi. Nani angejua? Pakiti haikusema. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isisagike tumboni, lazima ipitie moto kwanza. Tulirudi dukani, mwenye duka akasema yeye huletewa tu. Mtoto alipona, lakini alipoteza uzito ambao ulichukua muda mrefu kurudi. Tangu siku hiyo, unga ulio na karanga ndani hauingii kwetu. Karanga tunasaga kidogo kidogo na kutia sufuriani siku ya kupika.

Nesi wa Zamu:
Pole sana Kisauni. Hilo la karanga ni kweli kabisa. Ukiacha kuchacha, karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo haiishi kwa kuchemsha uji. Kadiri mchanganyiko unavyokuwa na vitu vingi ndivyo unavyokuwa mgumu kuukagua. Nafaka moja au mbili kwenye unga zinatosha, vingine viongezwe jikoni: maziwa, yai, dagaa waliosagwa, mboga.

Mama Tunu, bado hujanijibu. "Wote" ni akina nani?

Mama Tunu:
Samahani nesi. Mimi na mume wangu, Tunu ana miezi minane, na mama mkwe amehamia kwetu, ana kisukari. Ndiyo maana nilitaka uji mmoja usio na sukari, niwapikie pamoja.

Nesi wa Zamu:
Hilo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza, dada! Sasa imebadilika kabisa.

Tunu: chini ya miaka miwili hatakiwi kuongezewa sukari yoyote, na chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ikiwa ndani ya bidhaa. Kwa umri wake anachohitaji sana ni madini ya chuma, na maziwa ya mama hayana ya kutosha tena. Mama mkwe: kwake usitazame mstari wa sukari pekee, tazama wanga wote. Uji wa unga laini, hata bila chembe ya sukari, unapandisha sukari ya damu haraka kwa sababu nafaka imeshasagwasagwa. Kwake makande yenye maharage mengi ni afadhali kuliko bakuli la uji, na kiasi apangiwe kliniki.

Mwalimu wa Songea:
Weetabix isitupwe hivihivi. Ngano nzima ni asilimia 95, sukari ni kama gramu 4 kwenye gramu 100, nyuzinyuzi gramu 10, na imeongezwa madini ya chuma. Ni afadhali kuliko nafaka nyingi za boksi za watoto. Kinachoharibu ni vijiko vya sukari tunavyomwagia juu.

Ulezi Mtupu:
Mkuu, chuma cha boksini ni cha kiwandani. Ulezi unacho chake cha asili.

Baba Shani:
Unacho, lakini una fitati inayokishika kisifyonzwe. Ndiyo maana wazee walikuwa wanachachusha uji au wanatengeneza kimea. Ukiloweka ulezi, ukauotesha, ukaukausha ndipo ukasaga, unapata faida zaidi na uji unakuwa mwepesi hata ukitia unga mwingi. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo hilo ni jambo kubwa.

Na kuhusu boksi za watoto: mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kwamba Cerelac nyingi zinazouzwa Afrika na Asia zimeongezwa sukari, wakati Uswisi kwenyewe inauzwa isiyo na sukari hiyo. Jina la kampuni lisikufanye uache kusoma nyuma.

Chogo wa Kibaigwa:
Mnasahau dona. Nunua mahindi mazuri, saga dona, uji na ugali umemaliza. Sembe ni wanga mtupu, kiini na pumba wanapewa kuku.

Mwalimu wa Songea:
Sembe ya kiwandani angalau inaongezwa virutubishi. Kanuni za Tanzania zinavitaka viwanda vitie chuma, zinki, asidi ya foliki na B12. Mashine ya mtaani haitii kitu. Mama anayetarajia mimba anaihitaji hiyo asidi ya foliki, inapunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Chogo wa Kibaigwa:
Mimi nauza mahindi, nayajua. Dona halisi halihitaji kuongezwa kitu.

Nesi wa Zamu:
Dona la mahindi safi ni zuri. La mahindi yaliyoanikwa chini na kunyeshewa ni hatari kuliko sembe, kwa kuwa sumukuvu inakaa zaidi kwenye pumba na kiini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara.

Kisauni:
Huku kwetu 2004 walikufa watu 125, Makueni na Kitui ndio waliumia zaidi. Ilikuwa mahindi ya nyumbani kabisa, hayakutoka kiwandani.

Chogo wa Kibaigwa:
Mahindi ya kwangu naanika juu ya turubai na kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Msiwaweke wakulima wote kapu moja.

Mama Tunu:
Nawasoma nyote. Nimeanza kuegemea ulezi wa kimea kwa Tunu, lakini mume wangu anasema kuotesha ni kazi na yeye anataka Weetabix yake. Ulezi wa sokoni una mchanga, mnautoaje? Na hicho kimea, mama mkwe anaweza kuonja?

Ulezi Mtupu:
Loweka kwenye beseni, koroga, nafaka inyanyue kwa mkono, mchanga unabaki chini. Rudia mpaka maji yatoke safi. Usinunue uliosagwa tayari, mchanga hauuoni.

Baba Shani:
Kimea kwa mama mkwe hapana kwanza, kuotesha kunageuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Nesi atuambie.

Chogo wa Kibaigwa:
Mwenye kuhitaji mahindi yaliyokauka vizuri aniulize, ila waliosema dona ni hatari wanipe jibu: kwani sembe inatokana na mahindi gani?