Ukoo wa Huddleston: asili yake, maana yake, na je, ni jina adimu kweli?

Mkuti Masasi

Habari za jioni wadau. Hapa Masasi tunaandaa bango la historia kwa ajili ya klabu ya wanafunzi. Mmoja wa watakaokuwemo ni Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Wanafunzi wanauliza jina lake la ukoo maana yake nini, na kama huko Uingereza ni la watu wengi au wachache. Mtandaoni nimekuta tovuti moja inasema ni "jiwe la kukusanyikia", nyingine inauza "nembo ya ukoo wa Huddleston" pamoja na cheti. Nisingependa kubandika uongo ukutani. Na mtu aliye huku, mwenye simu na bando tu, anahakikishaje mwenyewe?

Mzee wa Mikindani

Mwalimu, hilo la jiwe lifute kabla halijafika kwenye bango. Aliyeliandika amelikata jina mahali pasipo: kachukua "huddle" na "stone" za Kiingereza cha leo, akazijumlisha. Jina hili limetoka kwenye Kiingereza cha kale, na mkato wake ni Hudel-es-tun. Hudel ni jina la mtu. Hiyo "es" ya katikati ni ya kumilikisha, kama "wa" yetu. "Tun" ni shamba au makazi ya watu. Kwa hiyo ni makazi ya Hudel, sawa na sisi tunavyoita kitongoji "Kwa Fulani" na mwenyewe alishakufa zamani.

Ushahidi uko kwenye tahajia. Maandishi ya karne ya 11 yana umbo la Hudelestun, lenye "tun" mwishoni. Jiwe katika lugha hiyo lilikuwa "stan". Ukitaka maana ya ukoo wowote wa Kiingereza, anza na umbo la zamani kuliko yote linalopatikana, kisha ndiyo uje mbele. Anayeanza na matamshi ya leo hukosea karibu kila mara.

Mahali penyewe papo hadi leo: Huddleston, karibu na Sherburn in Elmet, Yorkshire, kati ya Leeds na Selby. Na hapa ndipo wengi wanapotegwa, kwa sababu Huddleston ni maarufu kwa mawe kweli! Palikuwa na machimbo ya chokaa nyeupe inayoelekea rangi ya malai, mawe yake yakajengea kanisa kuu la York na kanisa dogo la King's College kule Cambridge. Lakini jina halikutoka machimboni.

Mtu hakuitwa "wa Huddleston" akiwa Huddleston. Pale kila mtu ni wa pale. Aliitwa hivyo alipohamia kwingine. Majina ya aina hii yalianza kushika Uingereza baada ya uvamizi wa Wanormani wa 1066, na kati ya miaka ya 1200 na 1400 hivi yakawa ya kurithiwa na watoto. Tawi moja lilipata ubwana wa Millom, Cumberland, katika karne ya 13 kwa njia ya ndoa, likakaa huko mpaka karne ya 18. Tawi jingine lilikuwa Sawston, Cambridgeshire, ambako Mary Tudor, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alijificha mwaka 1553. Kwa wanafunzi wa Masasi ningeongeza Padri John Huddleston: ndiye aliyempokea Mfalme Charles II katika Kanisa Katoliki akiwa mahututi, Februari 1685. Yeye Mkatoliki, Trevor Mwanglikana.

Binti Newala

Shikamoo mzee. Naongeza moja ambalo wanafunzi wa kwetu wataliuliza tu. Mmakua akisikia "ukoo" anawaza nihimo: linatoka kwa mama, na wenye nihimo moja ni ndugu, hata kuoana ni mwiko. Jina la ukoo la Kiingereza kwa desturi linatoka kwa baba, na wawili wenye jina moja si lazima wawe na damu moja. Jina lililotokana na mahali linaweza kuchukuliwa na familia kadhaa zilizohama hapo kwa nyakati tofauti. Mtumishi naye aliweza kuitwa kwa jina la bwana wake. Na huko Marekani wapo Wamarekani weusi wenye majina ya wamiliki wa watumwa.

Kwa hiyo msiandike kwamba Askofu Huddleston ni uzao wa mabwana wa Millom. Kulisema hilo kunahitaji mnyororo wa baba kwa mwana, kizazi baada ya kizazi, kwa karatasi.

Na mtoto wa huku aliyebatizwa Huddleston kwa heshima ya askofu, hilo ni jina lake la kwanza. Msimhesabu kwenye ukoo.

Rondo

Mimi nijibu la uadimu na la simu.

Huko Uingereza Huddleston si jina la kila mtaa kama Smith au Taylor, ila halijafikia hatua ya kupotea. Kwa asili limekaa zaidi kaskazini, Yorkshire na Lancashire. Marekani wenye jina hili ni wengi kuliko Uingereza, hivyo ukilitafuta bila kuchagua nchi utaletewa Wamarekani watupu.

Ili kupima, tumia sensa ya 1881, maana imenakiliwa yote na inasomwa bure FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ukishajiandikisha. Chagua England na Wales, weka jina la ukoo peke yake, acha nafasi ya jina la kwanza wazi. Tafuta Huddleston, kisha Hudleston, kisha Huddlestone, kila moja kivyake. Hakikisha umebana tahajia iwe kamili, vinginevyo mtambo unakuletea na majina yanayofanana, hesabu inavimba. Jumlisha. Mwaka huo England na Wales ilikuwa na watu karibu milioni 26, kwa hiyo gawanya jumla yako kwa 26, upate idadi kwa kila watu milioni. Mfano wa hesabu tu: ukipata 520, ni 20 kwa kila milioni.

Usiziache tahajia nyingine ukidhani ni makosa. Yule kiungo Tom Huddlestone aliyecheza Tottenham ana "e" mwishoni. Karani aliandika alichosikia.

Mkuti Masasi

Ahsanteni sana. Nimeingia FreeBMD, tovuti ya orodha za waliozaliwa, waliooana na waliokufa England na Wales, kumtafuta askofu mwenyewe ili wanafunzi waone rekodi halisi. Nimeweka Trevor Huddleston, mwaka 1913, hakuna kitu.

Rondo

Kuna mambo mawili hapo, mkuu. Kwanza, jina lake kamili ni Ernest Urban Trevor Huddleston. Orodha za miaka hiyo huandika jina la kwanza kamili, mengine herufi tu. Tafuta Ernest, kisha uangalie mwenye U na T.

Pili, orodha hupangwa kwa robo mwaka, kwa kufuata tarehe ya kuandikishwa. Mzazi alikuwa na siku 42 za kumwandikisha mtoto. Askofu alizaliwa Bedford tarehe 15 Juni 1913, kwa hiyo mwisho ni 27 Julai. Anaweza kuwa robo inayoishia Juni au inayoishia Septemba. Fungua zote mbili, wilaya weka Bedford. Tangu robo ya Septemba 1911 orodha inaonyesha pia ukoo wa mama kabla ya kuolewa, hapo unajua kama ndiye au ni jina tu.

Orodha hizi zinaanzia Julai 1837. Nyuma ya hapo ni vitabu vya ubatizo vya parokia, vilivyoanza kwa amri ya 1538, na vingi vina mapengo.

Mzee wa Mikindani

Nembo msinunue. Uingereza nembo hupewa mtu, ikarithiwa na uzao wake wa kiume. Ukoo mzima hauna nembo. Ile nyekundu yenye kimia cha fedha ni ya Wahudleston wa Millom. Kumpachika nayo askofu ni kumpa kitu ambacho hamjathibitisha kuwa ni chake.

Kwenye bango andikeni hivi: "Huddleston ni jina la mahali Yorkshire, Uingereza, lenye maana ya makazi ya Hudel. Umbo lake la kale, Hudelestun, linapatikana katika maandishi ya karne ya 11. Lilianza kutumika kama jina la ukoo kwa watu waliohama kutoka hapo." Chini yake wekeni matamshi, maana wanafunzi watalisoma kwa sauti mbele ya wageni: Hadlstan, mkazo kwenye "Had". Na kwa askofu ni "d" mbili, bila "e".