Mrejesho: kompyuta ya steshenari imepangika

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliwauliza nifanyeje na kompyuta ya duka langu la steshenari, Ngamiani, Tanga. Skrini ilijaa aikoni hadi wateja wakachoka kusubiri nikisaka CV zao.

Nimeweka Flow Launcher mliyonishauri, programu ya Windows ya kutafuta na kufungua vitu kwa kuandika jina, tena ni ya bure. Nabonyeza Alt na Space, kisanduku kinatokea, naandika "wor", Word inajitokeza juu, napiga Enter. Basi! Aikoni nimefuta zote, nikabakiza pipa la taka.

Aliyenikumbusha kuhamisha mafaili kwanza, Mungu ambariki. Nilidhani aikoni zote ni njia za mkato tu (shortcut, za kufungulia vitu vilivyohifadhiwa kwingine), kumbe barua zenyewe za watu zilikuwa humo humo kwenye skrini.

Jana mama mmoja anawahi basi la Pangani, barua yake ilitoka kabla hajakaa.