Kupapaswa kiunoni mbele ya wanaume eti anatafutwa mwenye kinasa sauti: tajiri wetu hapa Tanga katudhalilisha

Wakuu salaam. Jambo hili nimekaa nalo siku 12, leo nalitoa maana nikiendelea kulimeza litaniua. Ni refu, mnivumilie.

Niko Tanga mjini, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Jina la ofisi silitaji. Tuko tisa. Tangu mwaka uanze bei zetu zilikuwa zinavuja: leo tajiri anakaa na mteja chumbani kwake wanapatana, kesho mteja anapigiwa na watu wengine wanampa bei ya chini kidogo tu ya yetu. Ilipofika mara ya tatu tajiri akawa hali wala halali. Kwa hilo simlaumu, mtu akikuibia jasho namna hiyo lazima utafute anapopitia.

Akaleta mtu kutoka Dar, akatuambia ni mtaalamu wa kutafuta vinasa sauti. Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, mlango ukafungwa kwa ndani. Bwana yule akatoa kidude cheusi mfano wa simu ya upepo ya askari, kina antena fupi na taa nyekundu zimepangana kama ngazi. Akasema simu zote mezani, na kila mmoja afungue yake kabla ya kuiweka. Akaanza kusoma moja baada ya nyingine: WhatsApp, picha, miamala ya pesa. Yangu aliikalia karibu dakika kumi. Nimesimama ubavuni pake naona kidole chake kinapanda kwenye mazungumzo yangu na mume wangu, kinafika kwenye picha za vipimo vya mama yangu mzazi, kinasimama, anazikuza. Vipimo vya mama yangu na bei za kontena vinahusiana nini?

Halafu ikaja miili. Wanaume wakapapaswa mifuko wakaambiwa sogea. Wanawake tuko watatu, nikaanza mimi. Kidude kikapita begani kimya, kilipofika kiunoni kikalia. Akarudisha, kikalia tena. Akaweka mkono. Ni juu ya baibui, lakini aliweka mkono, akagusa alichogusa, akaniuliza kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Dada, hapa kiunoni umefunga nini?"

Wanaume sita ninaofanya nao kazi wananitazama. Mwanamke yeyote wa pwani anayesoma hapa ameshajua nilichofunga, na anajua hakiulizwi mbele za watu. Nikanyamaza. Akarudia swali! Aliyeniokoa ni mama yetu wa usafi, mtu mzima wa kunizaa. Alipaza sauti: "We baba, kwenu hakuna wanawake? Muache mtoto wa watu!" Hapo ndipo akaondoa mkono. Tajiri alikuwepo, anaangalia sakafu.

Hata polisi mwenye hati mkononi, akitaka kupekua mwanamke, anatakiwa amwite askari mwanamke na heshima izingatiwe. Huyu katoka Dar na kidude cha mfukoni, nani kampa mamlaka hayo?

Na bado hawajamaliza. Kijana wetu anayepeleka nyaraka bandarini kwa baiskeli alikutwa na laini mbili na mazungumzo fulani kayafuta. Basi, "huyu ndiye." Saa nne hiyohiyo akaambiwa arudishe kitambulisho na funguo za kufuli la baiskeli, aende. Kijana ana miaka 22, alilia kama mtoto.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Tajiri akaweka utaratibu mpya: kila asubuhi simu zote zinazimwa na kuwekwa kwenye beseni mlangoni, na ya kwake pia anaiweka ili tuone hatuonei. Jumatatu akaja mteja, wakaingia chumbani kwake. Mimi nilikuwa napanga mafaili humo humo. Kuna sabufa ndogo juu ya kabati, inapiga redio kwa sauti ya chini. Wameanza tu kutaja bei, sabufa ikalia: ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrrr. Hakuna aliyekaa na sabufa asiyeujua mlio ule. Ndio unaotangulia kabla simu iliyo karibu haijaita. Simu zetu zote zimezimwa, ziko kwenye beseni, na ya mteja nayo imo. Basi inayopiga iko wapi?

Mteja alipoondoka nikamwambia tajiri. Nikaishusha sabufa, nikaisogeza huku na huku naye akiwa anaongea. Ilipofika karibu na ekstensheni ya umeme iliyo chini ya meza yake ikapiga kelele mpaka nikaogopa. Nikamwita kaka yangu, yeye ni fundi redio Ngamiani. Akafungua skrubu nne. Ndani, pembeni ya nyaya za umeme, kuna kibao kidogo cha saketi, maikrofoni isiyozidi punje ya mtama, na sehemu ya laini ya simu. Laini imo! Kaka akanieleza: kitu hiki ni simu isiyokuwa na kioo wala kengele. Mwenyewe anaipigia kutoka popote, inajipokea kimya, anawasikia. Nyingine zikisikia sauti chumbani zinampigia zenyewe. Umeme zinakula humo humo kwenye ekstensheni, hazihitaji kuchajiwa.

Nikamuuliza, kidude cha yule bwana mbona hakikuiona? Akasema kidude cha namna ile kinalilia mawimbi ya redio, basi, hakijui ya nani. Simu inakiliza, Bluetooth inakiliza, ruta ya intaneti inakiliza. Ruta yetu iko mezani, usawa wa kiuno, na mimi nilisimamishwa mbele yake! Shanga ni punje na uzi, zitarusha mawimbi gani? Na ekstensheni siku ile ilikuwa imelala, haikupigiwa, ndiyo maana ikakaa kimya. Anayejua kazi huzima ruta kwanza, hutoa simu zote chumbani, huwaacha watu waongee, halafu hushika bisibisi: soketi, chaja, saa ya ukutani, kila kilicholetwa karibuni. Kuna na vinasa sauti vinavyorekodi tu bila kurusha chochote, hivyo kidude kile hakivipati hata ukikipitisha mwaka mzima.

Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa kwenye chumba cha kazi, ikakaa hapo mpaka 1952 ndipo ikagundulika ina kinasa sauti ndani, hakina betri wala waya, kinaamka pale tu kinapopigwa mawimbi kutoka nje. Wamarekani walikitundika wenyewe, maana kilikuja kama zawadi. Nawaambia haya kwa sababu ekstensheni yetu nayo ililetwa Januari pamoja na kalenda na katoni ya juisi, heri ya mwaka mpya. Tajiri aliipokea kwa mikono yake miwili. Na sisi ndio tuliopapaswa.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Laini hapa nchini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole, maana yake laini ile ina jina la mtu. Polisi wakitaka wanalipata. Tajiri kaifungia kwenye droo, anasema yamekwisha, tusitoe nje maneno ya ofisi. Akaagiza kreti ya soda tunywe. Mimi sikunywa. Kuomba radhi, hakuna. Kumrudisha kijana, hakuna, eti "ataona aibu kurudi." Aibu ya nani?

Katiba yetu ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Haikusema isipokuwa wa ofisi ya kutoa mizigo.

Nimeulizia. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kumi na mbili zimeshaliwa. Kijana mwenyewe amekata tamaa, nimekwenda kwao Makorora mara mbili ndiyo kakubali. Kesho asubuhi naenda naye, ruhusa nimeshaomba. Aliyewahi kupeleka shauri aniambie twende na karatasi gani, maana barua hakupewa, alifukuzwa kwa mdomo mbele yetu. Ushahidi nitautoa mimi. Mama wa usafi kasema naye anakuja.