Karatasi ya ada "inanuka dagaa"?! Yule wa dirishani leo amezidi

Mwana wa Kibirizi:
Wakuu, nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Yule wa dirisha la ada la chuo hapa Kigoma, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo asubuhi kaishika karatasi ya malipo ya mama mmoja muuza dagaa kwa vidole viwili, kaiweka mbali na pua, kasema mbele ya foleni nzima: "Hii inanuka dagaa. Hapa tunafundisha watu wa afya, mama."

Kwa vidole viwili! Foleni iliganda, hata feni ya ukutani iliacha kuzunguka. Mama wa watu hakujibu kitu. Alijifunga kanga vizuri akasubiri risiti.

Na hakuwa na pa kwenda, huo ndio uchungu wenyewe. Pesa aliiweka benki kama fomu ya kujiunga inavyotaka, awamu ya kwanza ya uuguzi. Lakini karatasi ya benki peke yake haikusaidii. Lazima uipeleke dirishani upewe risiti ya chuo, la sivyo jina la mtoto linabaki kwenye orodha ya wadaiwa, na wiki ya mitihani anazuiwa mlangoni. Kwa hiyo hata ukitukanwa unasimama hapo hapo.

Hela ya dagaa anaijua huyu? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna mtumbwi, halafu vyuo vinafungua mwezi wa 9 na wa 10 vinataka ada. Na ada ni mwanzo tu. Kuna bima ya mwanafunzi, ada ya mitihani, sare, viatu, stethoskopu, mashine ya presha, kipimajoto, rimu za karatasi, godoro, ndoo. Kuna chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 toka ile ya kwanza. Mara nyingi kwenye fomu haimo, na mtoto anapelekwa wodini kushika damu za watu. Fildi, yale mazoezi ya hospitalini, ndiyo usiseme: nauli, chumba na chakula juu yako.

Waondoeni leo wote waliosomeshwa na dagaa na mawese muone hospitali za mkoa huu zitabaki na nani. Atabaki mlinzi na paka wa jikoni.

Vidole viwili jamani. Viwili!

Mama Migebuka:
Huyo si ndiye aliyemwambia mzee wa Uvinza arudi kesho kwa sababu kalamu imeisha wino? Kalamu! Mungu anamwona.

Gungu Juu:
Namjua kwa kikohozi chake tu. Akikohoa mara mbili jua unarudishwa.

Kamati ya Roho Mbaya:
Mleta mada unalia kwa sababu ya vidole? Lia kwa sababu ya karatasi. Kama alilipia kwa wakala, ile karatasi ya mashine inafutika maandishi kwa joto, ikikaa miezi michache kwenye pochi inabaki nyeupe. Ndiyo maana watu wanadaiwa ada waliyolipa. Toa kopi siku hiyo hiyo, mbili, moja ibaki nyumbani. Halafu wazazi wengi wanajaza jina la aliyepeleka pesa badala ya jina la mwanafunzi. Hela inaingia kwenye akaunti ya chuo, hakuna anayejua ni ya nani. Andika majina matatu ya mwanafunzi kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, pamoja na namba ya usajili. Vidole vyake achana navyo.

Mwana wa Kibirizi:
Siachani navyo. Kopi nitamwambia atoe, asante. Lakini ungeona alivyoishika. Kama ameokota panya aliyeoza. Karatasi ya ada ya mtoto wa mtu!

Tumbaku Kavu:
Nyie Kigoma mna nafuu, nawaambia ukweli. Dagaa ukiuza leo unalipwa leo. Huku Urambo na Kaliua mtu anapeleka tumbaku sokoni, linakatwa kwanza deni la mbolea na pembejeo, kinachobaki kinapitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kinafika kinapotaka. Chuo kinataka awamu ya kwanza mwezi wa 10, wewe unaambiwa malipo bado. Hapo ndipo vijana wetu wanapoharibu: anaona aibu ya kudaiwa, anapanda gari anarudi kijijini kimya kimya bila kuaga. Chuo kinamwandika mtoro na anaweza kufutwa kabisa. Ukiona ada haitatosha, andika barua ya kuahirisha masomo KABLA mitihani haijaanza, ipokelewe kwa mhuri, baki na nakala. Aliyeahirisha ana pa kurudi. Aliyetoroka anaanza na moja.

Ng'ambo Tabora:
Sema tena kaka. Barua moja tu inaokoa mwaka mzima.

Dada wa Kasulu:
Mnahangaika na dirisha la chuo wakati kuna mkopo. Ila mkopo wenyewe nao una mambo yake, na hapa ndipo nina hasira zangu. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha diploma mwaka wa masomo 2023/24, na sio kila kozi. Orodha ya kozi za kipaumbele imo kwenye mwongozo wao, isome kabla hujachagua kozi, usichague kwanza halafu ukaanza kulia. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wale wa vizazi na vifo, cha kifo cha mzazi vilevile. Anza mapema, ukisubiri wiki ya mwisho mtandao unakwama na wewe unabaki nje. Kinachoangusha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne matatu, kitambulisho kimeandikwa kwa "r" badala ya "l". Rekebisha kwa wakili kabla ya kuomba. Halafu zile kurasa za saini: serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, kamishna wa viapo. Watu wanasainiwa vizuri, wanasahau kuzipandisha kwenye mfumo! Familia ikiwa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, weka uthibitisho. Na yule kijana wa stesheneri anayewajazia fomu wote kwa namba yake ya simu, huyo ndiye anayestahili uzi. Nywila anabaki nayo yeye!

Mama Migebuka:
Wa stesheneri! Naye namjua. Mharibifu mkubwa.

Tabibu wa Zahanati:
Hela ikiwa ndogo kweli, ngazi zinasaidia. Uuguzi ni NTA, yaani ngazi za masomo ya vyuo vya kati, 4, 5 na 6. Ukimaliza ya 5 unaweza kutoka na cheti, ufanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga upate leseni, ufanye kazi, urudi kumalizia diploma ukijilipia. Kabla ya yote hayo hakikisha chuo na kozi vimo kwenye kitabu cha NACTVET, wanaosimamia vyuo vya kati. Chuo kisichotambulika kinakula ada miaka mitatu, halafu hakuna Baraza litakalokupa leseni.

Kamati ya Roho Mbaya:
Leseni anapata, kazi iko wapi? Wamejaa mtaani na leseni zao wanajitolea bila posho.

Tabibu wa Zahanati:
Anayejitolea mikono haisahau kazi. Aliyekaa nyumbani miaka miwili anashindwa hata kutafuta mshipa wa mtoto.

Ng'ambo Tabora:
Wa fildi ndio wananiudhi mimi. Kitabu cha mazoezi kina safu ya saini kwa kila kazi uliyofanya. Msimamizi anakwambia "tutasaini mwisho wote pamoja". Mwisho ukifika kahamishwa au yuko likizo, na bila saini alama za mazoezi hazikamiliki. Saini zichukuliwe siku hiyo hiyo, wodini, kabla zamu haijabadilika.

Mwana wa Kibirizi:
Jamani mada ni mama wa watu na ile karatasi. Mmehamia fildi.

Gungu Juu:
Mada ipo mkuu. Ila hayo ya saini ni kweli tupu.

Reli ya Kati:
Mwenye mashine ya presha ya mkono anayeuza? Mdogo wangu anaanza utabibu.

Tabibu wa Zahanati:
Waulizeni wa mwaka wa tatu wanaomaliza, wengi wanauza. Kabla ya kulipa, toa upepo wote uangalie mshale. Mshale usiporudi kwenye sifuri, iache. Pampu mpaka 200, funga, subiri: mshale ukishuka wenyewe haraka kuna sehemu inavuja, mara nyingi ni mpira au kile kiskrubu cha kutolea upepo. Stethoskopu ikunje mpira uangalie nyufa, halafu gonga ile ngozi ya mbele taratibu kwa ukucha ukiwa umeivaa masikioni. Usiposikia kitu, imekufa. Na mashine moja wanatosha wawili wa chumba kimoja, hakuna haja kila mtu kununua yake.

Tumbaku Kavu:
Tabora mjini ipo moja, imetumika chini ya mwaka. Naweza kuipakia kwenye treni.

Reli ya Kati:
Inakuja na mfuko wake? Nitumie picha ya mshale ikiwa haina upepo.