Mafundi, kabla ya kuniambia "kontroli boksi imekufa", mlipima ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri)?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Miezi minne nimezungushwa na kempa langu, vani la dizeli la mwaka 2004 lenye kitanda, jiko na friji nyuma. Kila fundi aliyeligusa alitoa hukumu ileile hata bonete haijapoa: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, tafuta nyingine.

Dalili zenyewe ni hizi. Nikiegesha usiku kucha nikalala humo, asubuhi linawaka kwa stata moja tu. Dakika mbili tatu barabarani linashtuka, mshale wa mizunguko unaanguka sifuri huku gari bado linatembea, taa za dashibodi zinawaka zote, injini kimya. Zima swichi, hesabu hadi kumi, washa tena, linanguruma kama si lenyewe lililokuacha katikati ya barabara. Mchana linakwenda hata kwa muda wa saa tano bila kukohoa. Kesho asubuhi, mchezo uleule.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye ile soketi ya pini 16, zikatoka kodi mbili za hitilafu. P0606, ambayo ni kompyuta ya injini kujishtaki yenyewe kwamba prosesa yake ina hitilafu, na P0562, yaani umeme wa mfumo uko chini. Akaing'ang'ania P0606. Hiyo nyingine je? "Achana nayo bosi, hizo huwa zinajitokeza tu." Zinajitokeza tu! Kompyuta inalia njaa, wewe unasema ina kichaa.

Nikamwambia na jambo jingine nililokuwa nimelichunguza kwa wiki kadhaa: friji ikiwa imezimwa, gari halizimi. Akamtazama msaidizi wake, wakacheka. "Friji na injini wapi na wapi?"

Basi nikanunua kontroli boksi ya mtumba, namba za kwenye lebo zilezile. Ikafungwa. Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki, taa ya ufunguo inapepesa. Imobilaiza, wakuu, ile kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiojulikana. Boksi ya mtumba haiujui ufunguo wangu. Ilibidi data za ile ya zamani zihamishiwe humo, au ioanishwe upya na ufunguo. Mtu anayejiita fundi umeme alipaswa kuniambia hilo kabla sijatoa hela, si baada.

Fundi wa pili akataka ile ya zamani aifungue "aione". Aliifungua kwa bisibisi! Nimerudishiwa mfuniko umepinda, silikoni imepakwa pembeni kama kazi ya mtu anayekimbizwa. Ndani alikuta nini? Kwa maneno yake mwenyewe: hakuna kapasita iliyovuja, hakuna lehemu iliyopasuka, hakuna dalili ya maji. Halafu akahitimisha: "Imekufa ndani kwa ndani."

Nikauliza, ethi umepima? Akasema amepima. Kweli alipima, nilimwona: gari limezimwa, mita ya umeme iko kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya boksi, nyingine kwenye bodi ya gari. Tiii. "Waya mzima." Mlio ule unapitisha umeme kiduchu mno, hata waya uliobaki uzi mmoja utalia tiii. Ethi inapimwa ikiwa na mzigo.

Hapo nikaona bora nijifanyie mwenyewe. Nikatafuta mchoro wa waya wa gari, nikajua pini zipi za boksi ni ethi. Injini inaunguruma, friji imewashwa, mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine nyuma ya soketi kwenye pini ya ethi. Hapo hutakiwi kuona zaidi ya volti 0.1 hivi. Nikaona 2.1. Nikautikisa mkungu wa waya, ikaruka hadi 4 na injini ikakata palepale mbele ya macho yangu. Nikazima friji, nikawasha tena gari: 0.6.

Nikaufuata waya hadi kwenye bolti nyuma ya taa ya kushoto. Vituko. Kwenye bolti moja kulikuwa na viatu vinne vya waya (vile vichwa vya chuma vinavyobanwa na bolti) vimebebeshwa: viwili vya kompyuta ya injini, kimoja cha friji, na kimoja kinene cha betri ya pili ya kule nyuma. Aliyegeuza vani kuwa kempa alichukua bolti ya karibu yake, akaikaza juu ya rangi. Imeota kutu ya kijani, na plastiki ya waya imekuwa kahawia kwa joto.

Sasa unganisheni wenyewe. Usiku friji na taa zinainyonya betri ya pili. Asubuhi injini ikiwaka, relei (swichi inayojiwasha kwa umeme) inaiunganisha na alteneta, nayo inavuta chaji kwa pupa, huku friji ya gesi na umeme ikivuta ampea zaidi ya 10. Mzigo wote huo unarudi kupitia bolti ile, kompyuta inakosa ethi, inajizima. Mchana betri imeshajaa, inavuta kidogo, gari linatulia. P0562 ilikuwa imeyasema haya siku ya kwanza.

Sisemi kontroli boksi hazifi. Maji ya kioo yakidondokea juu yake, au mtu akigeuza nyaya za kubusti, inakufa kweli. Lakini pima kwanza umeme unaoingia, ethi, na zile volti 5 ambazo boksi inazipelekea sensa. Zikiwa chini chomoa sensa moja moja, maana moja iliyoshoti inaziangusha zote. Vyote vikiwa sawa ndipo uitaje boksi.

Nimesugua bolti hadi bati jeupe, nikaweka viatu vipya, waya za kempa nikazipeleka kwenye ethi yake peke yake. Wiki ya tatu hii, kwa boksi ileile "iliyokufa", halijakata hata mara moja. Yule wa kwanza nilipompigia akaniambia, "Si unaona, kumbe ilikuwa umeme tu."

Nimebaki na boksi ya mtumba ambayo muuzaji haitaki, na yangu yenye mfuniko uliopinda. Mwenye kujua namna ya kuuziba vizuri usipitishe maji aseme, mvua ziko karibu.